Mama Kijiko, mkulima aliyeikataa kahawa ya shamba lake

Saa nne asubuhi, ndani ya chumba kilichowahi kuwa ghala la mbolea, mwanamke mwenye aproni ya buluu anainamia kikombe cha kwanza kati ya kumi na viwili. Anachota kahawa kwa kijiko, anaipeleka mdomoni, kisha fyuuu! Mvumo wake unasikika hadi kwenye benchi la nje walikoketi wakulima.

Anaizungusha kinywani, anatema kwenye ndoo, anaandika. Ghafla uso unamchangamka.

"Hii ina utamu wa chungwa mwishoni! Nani huyu kaleta mambo? Nikimjua nitamkumbatia!"

Hawezi kumjua. Vikombe vina namba tu.

Wenzake humwita Mama Kijiko. Ana miaka arobaini na saba, watoto wanne, na shamba la ekari moja na nusu lenye mibuni mia sita na arobaini. "Marehemu mama alinichapa kwa kunywa uji kwa kelele," anasema huku akicheka. "Leo nalipwa kwa kelele zile zile."

Kwa miaka ishirini na miwili alilima kahawa bila kuijua ladha yake. Nyumbani walikunywa chai. Kahawa ilivunwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikachukuliwa na mlanguzi aliyekuja na mizani yake na bei yake.

"Akisema mbaya, basi mbaya. Utabisha nini, na wewe hujawahi hata kuionja?"

Msimu mmoja bei iliporomoka mpaka kilo ya kahawa ikawa hainunui mche wa sabuni. Majirani wawili waling'oa mibuni yao. Yeye na mumewe, ambaye pia ni fundi baiskeli, walilazimika kumkalisha binti yao mkubwa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Mambo yalianza kugeuka miaka sita iliyopita, pale wakulima 312 wa chama chao cha ushirika walipoamua kuomba cheti cha biashara ya haki. Kwa lugha nyepesi, anayenunua kwa masharti ya cheti hicho haruhusiwi kushuka chini ya bei iliyowekwa, hata soko likianguka. Juu ya bei hiyo hulipa nyongeza inayoingia kwenye mfuko wa pamoja, na wanachama ndio wanaopiga kura itumikeje. Wakulima nao hukaguliwa: dawa zilizopigwa marufuku hazinyunyizwi, watoto hawaachi shule kwenda kuvuna, na vitabu vya chama viko wazi kwa kila mwanachama.

Haukuwa mteremko. Ada ya ukaguzi iliwatoa jasho, na msimu wa kwanza ni theluthi moja tu ya kahawa yao iliyopata mnunuzi kwa masharti hayo. Iliyobaki iliuzwa kwa bei ile ile ya zamani. "Watu walisema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," anakumbuka Mama Kijiko.

Msimu wa tatu, mfuko wa nyongeza ukawa umenona. Wengi walitaka kuezeka ghala upya. Mama Kijiko, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, alisimama.

"Niliwaambia, jamani, mabati hayatatuambia kahawa yetu ikoje. Mpaka lini tutauza kitu tusichokijua?"

Kura zilikuwa 151 kwa 138. Chumba cha kuonjea kikapatikana, pamoja na kikaangio kidogo, mashine ya kusaga na mwalimu wa wiki sita. Kati ya wanafunzi kumi na mmoja, yeye ndiye aliyeibuka kidedea. "Ulimi wa huyu mama," anasema katibu wa chama, mwanamume mpole mwenye kalamu sikioni, "ni mizani ya sonara."

Mtihani wa kweli ulikuja msimu uliopita. Magunia 320 yalikuwa tayari kusafirishwa, mnunuzi akapiga simu: sampuli ina uvundo. Kasoro ikipatikana na kuondolewa ndani ya siku kumi, sawa. Isipopatikana, mzigo wote anaukataa.

"Niliyatazama magunia yale," anasema katibu. "Mle ndani mlikuwa na jasho la familia hamsini na nane."

Kila gunia lilikuwa na alama ya mwenyewe. Katibu akachota sampuli ya kila familia, akazipa namba mpya, na orodha ya majina akaifungia kwenye bahasha. Mama Kijiko alionja siku mbili mfululizo. Nje ya mlango, chama kizima kilikuwa kimehamia. Wifi yake ndiye aliyemletea maji ya kusukutua, na kila alipoingia aliuliza, "Vipi, wifi?"

"Bado, wifi. Niachie kinywa changu kwanza."

Kikombe cha arobaini na moja kilimsimamisha. Akaonja tena. Akasukutua, akaonja mara ya tatu.

"Gunia lililoloa," akasema. "Ndiyo hii."

Katibu akafungua bahasha, akasoma. Kisha akamgeuzia karatasi.

Lilikuwa jina la mumewe.

"Nililisoma jina mara mbili," anasema. "Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Nilikuwa tayari kuitupa kahawa ya yeyote, kumbe ni ya kwangu!"

Katibu anakiri kwamba alimnong'oneza, "Mama, hili tunaweza kulizungumza." Jibu lilikuwa fupi: "Hakuna cha kuzungumza. Toa magunia yote saba."

Alitoka kumwambia mumewe kabla hajasikia kwa watu. Mumewe anasimulia bila kujificha: "Akasema, 'Baba watoto, ni yetu.' Nikamuuliza, 'Yetu ipi?' 'Iliyovunda.' Nikajua papo hapo."

Kichanja cha kuanikia kilikuwa kimevunjika. Alimwaga kahawa chini juu ya turubai, akaenda kuziba pancha za watu, mvua ikanyesha. Aliianika upya na hakusema neno. "Nilidhani ikikauka yamekwisha. Kumbe ulimi wa mke wangu utakuja kunianika mimi!" Siku hiyo alisimama mbele ya wote akakiri mwenyewe.

Magunia yale saba yaliuzwa kwa chini ya nusu ya bei. Baiskeli ya akiba iliuzwa pia. Mama Kijiko anasema alilia jikoni, akanawa uso, akarudi kazini.

Wiki moja baadaye simu ikalia, katibu akaiweka kwenye spika. Magunia 313 yamepita. Siyo tu yamepita: yamepata alama 86 kati ya mia, ambazo chama hakijawahi kuzifikia!

"Nilirusha kiatu juu kwa furaha," anasema wifi yake. "Mpaka leo sijakiona."

Mkutano uliofuata, fundi baiskeli ndiye aliyependekeza nyongeza inunue vichanja vya waya kwa kila mwanachama. Hakuna aliyepinga. Wanachama 290 tayari wamepata vyao. Kahawa ya familia hiyo imepita msimu huu kwa alama 81. "Themanini na moja!" analalamika mume. "Huyu mwanamke hanipendelei hata kidogo."

Mwezi ujao Mama Kijiko anasafiri kwa mara ya kwanza nje ya wilaya yao, kwenda kufanya mtihani wa leseni ya mwonjaji. Ni siku tatu za vikombe, mbele ya majaji wanaoaminiwa na wanunuzi wakubwa. Akifaulu, alama atakazozitoa zitatambuliwa hata nje ya chama chake. Begi amekwisha kulifunga, ingawa bado siku ishirini na tatu.

Unaogopa? anaulizwa.

"Naogopa gari tu, huwa natapika," anajibu, na benchi zima la nje linaangua kicheko. Kisha anafuta kijiko kwa kitambaa cheupe. "Miaka yote wamekuja wao kutuambia kahawa yetu ikoje. Sasa naenda mimi kuwaambia."