Soksi ya Bernado

Ninyi wenzangu mliokula chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, hakuna haja ya kuwaeleza mateso ya kupata mgeni nyumbani. Sisemi habari ya kulazwa chini kwenye nyasi, wala ya kuliona paja la kuku likipita mbele ya pua yako kuelekea kwa mgeni. Hayo tulizoea. Nasema habari ya Bweranyange.

Enzi hizo tulikaa bondeni, upande wa Murongo, karibu kabisa na mto Kagera. Mgeni akishakunywa uji na kumaliza habari za alikotoka, Baba alisimama, akakohoa, akatangaza: "Huyu tutampeleka Bweranyange, akaone walikokaa wafalme." Hapo sisi watoto tulijua tumekwisha. Bweranyange ilikuwa safari ya siku mbili kwa miguu, unalala Nkwenda kwa shangazi, na mzigo wa ndizi za njiani ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Mkifika, mnaona nini? Nyasi. Nyasi, na miti ya zamani, na Baba akinyoosha fimbo: "Hapa palikuwa na lango. Pale zilikaa ngoma. Na hapa, mnaona hapa? Hapa ndipo alipoketi mfalme mwenyewe." Mimi nilikwenda mara nne, na kila mara mfalme alikuwa amehama. Safari ya mwisho alikuwa ameketi mahali ambapo mbuzi wa mtu alikuwa anajisaidia.

Basi mwaka ule dada yangu mkubwa, Kemilembe, alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Mjomba, ambaye alikuwa karani Bukoba mjini, akaja na mwanawe Bernado, wa umri wangu, miaka kumi hivi. Bernado alikuwa na viatu. Siyo viatu tu, alikuwa na soksi nyeupe zinazofika magotini! Bonde zima lilikuja kuziangalia. Bibi mmoja alizishika, akauliza kama mtoto ana vidonda.

Siku ya pili tu Baba akakohoa. Bweranyange, harusi ikishapita. Bernado alinifuata nyuma ya nyumba, anachechemea kwa malengelenge ya kutoka Bukoba, akaniuliza karibu alie: "Kokutona, kwani huku kwenu hakuna kitu kingine cha kufanya?"

Jamani, alinichoma. Hakuna kitu kingine! Nikamchukua palepale. Tuliteleza mlimani juu ya magamba ya mgomba mpaka kaptura yake ikapata dirisha. Tulishindanisha mende wa kinyesi cha ng'ombe, wake akampa jina la mwalimu wake, akashinda. Tuliingia katikati ya ndama waliokuwa wanalamba chumvi, tukawapa visigino vyetu walambe, na anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa. Watoto wa leo nikiwasimulia wananiuliza, "Bibi, mlikuwa mnalipia kiingilio?" Wao ng'ombe wanamjua kwenye simu, tena hana harufu.

Lakini Bernado alikuwa mtoto wa Bukoba, wa ziwani. Akaniambia kwao wanapanda mitumbwi. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuukaribia mtumbwi wa wavushaji. Ila nyumbani, nyuma ya kibanja, yaani shamba letu la migomba, kulikuwa na hori la Baba la kutengenezea rubisi.

Kwa wasiolijua, hori la rubisi ni gogo zima lililochongwa ndani, refu kuliko mtu. Ndizi mbivu zinamwagwa humo pamoja na nyasi, wanaume wananawa miguu, wanazikanyaga mpaka zitoe maji matamu, yanatiwa mtama, yanafunikwa, na baada ya siku mbili ndiyo pombe ya ndizi. Lile la Baba alilirithi kwa babu, na lilikuwa na tundu upande mmoja lililozibwa kwa nta. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hori lilikuwa limeoshwa, limeanikwa. Ndizi zilikuwa shimoni zinaiva. Alhamisi zikanyagwe, Jumamosi wakwe waje wanywe, wamchukue Dada. Harusi bila rubisi, kwetu, haikuwa harusi. Wakwe wangegeuza wakarudi kwao, na msichana angebaki na aibu yake. Hayo yote niliyajua. Nilijiambia tutalirudisha kabla halijakauka.

Tulilisukuma kwa kuliviringisha juu ya vigogo vya migomba mpaka kwenye ghuba ndogo ya maji yaliyotulia kando ya mto, katikati ya mafunjo. Tukapanda. Likaelea! Bernado alisimama mbele kama gavana. Tukakaa hivyo muda wa kutosha kuimba ubeti mmoja, kisha nta ikabanduka na maji yakaanza kuingia. Bernado alivua kiatu, akavua soksi, akaikunja, akaishindilia tunduni. Maji yakakoma. Nilimwona kuwa mtu mwenye akili kuliko wote duniani.

Tulichosahau ni nyuki. Gogo lililokunywa maji ya ndizi tangu enzi za babu, hata ulioshe vipi, nyuki hawadanganyiki. Walikuja kijiji kizima. Tulijirusha majini, maji ya kiunoni tu, tukatambaa chini ya mafunjo tukipiga kelele "Mawe! Mawe!", ndiyo kumlilia mama kwa kwetu Tulipoinua vichwa, hori lilikuwa limekwisha kutoka kwenye ile ghuba. Mkondo ulilichukua polepole, na nyuki wake juu, likaelekea Uganda.

Alhamisi asubuhi Baba alikwenda nyuma ya kibanja, akarudi, akaenda tena. Wanaume waliokuja kukanyaga walisimama na miguu yao safi. Hori la kuazima halikupatikana. Msimu wa harusi kila mtu alikuwa na lake kazini. Mama akasema ni wezi. Mjomba akasema ni uchawi. Bernado, mwenye soksi moja, akasema anaumwa tumbo. Mimi niliificha siri yangu mpaka Ijumaa, nilipomkuta Dada Kemilembe jikoni analia kimyakimya juu ya majivu. Nikashindwa. Nikamwambia yote.

Alinitazama. Nilingoja kofi. Badala yake akauliza, "Na nyuki nao wakapanda?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka huku machozi yanaendelea, vyote pamoja. Kisha akanishika mkono. "Usimwambie Baba. Acha niolewe au nisiolewe kwanza."

Jumamosi wakwe walivuka. Tuliwasikia kabla ya kuwaona: ngoma, vigelegele. Baba alisimama uani kama mtu anayengoja hukumu, maana hakuwa na hata kibuyu kimoja cha kuwawekea. Halafu wakatokea. Mbele wanawake na vibuyu vya rubisi, kibuyu nyuma ya kibuyu. Nyuma yao wanaume wanne, na begani mwao hori letu.

Msemaji wao, mzee mfupi mwenye kanzu, aliinama. "Waitu, ndugu zetu, tumepokea ujumbe wenu. Mmetutumia hori lenu tupu, tumelijua kwa tundu lake. Tulikaa na wazee tukauliza, maana yake nini? Wengine wakasema mnatukataa. Mimi nikasema, hapana, hawa ni watu wakubwa, wanatupima kama tunaweza kulijaza. Tumelijaza."

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakupepesa hata jicho. "Mmejibu vizuri," akasema. "Wengine wangeshindwa."

Kila mtu akapiga makofi. Rubisi ikanywewa, ikasifiwa. Wazee wetu walisema hawajapata kuonja iliyoiva namna ile, ina kitu fulani kwa nyuma. Msemaji akacheka kwa siri. "Siri ni yenu wenyewe. Tulikuta mmetia kitambaa chenu tunduni. Tukajua kila nyumba ina dawa yake, hatukuigusa."

Baba alitembea mpaka kwenye hori. Akainama. Akavuta. Ikatoka soksi, ndefu, ya rangi ya kahawia sasa, inadondosha rubisi. Macho yake yakazunguka ua wote na kutua kwenye miguu ya Bernado. Bonde zima hakukuwa na mwingine mwenye soksi, na yeye alikuwa amebaki na moja tu. Baba aliikamua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. "Dawa ya nyumba," akawaambia wakwe, na kurudi kuketi. Dada akaolewa jioni ile ile.

Jumatatu mimi na Bernado tulikwenda Bweranyange. Tulibeba ndizi za watu wote. Tulionyeshwa lango, tukaonyeshwa ngoma, na mfalme alikuwa amehama tena.

Siku hizi wajukuu zangu wanafika Bweranyange kwa gari kabla jua halijawa kali, wanapiga picha, wanauliza kama kuna mtandao. Na mimi, aibu yangu, nimejikuta nikinyoosha fimbo: "Hapa ndipo alipoketi mfalme." Sina uhakika hata kidogo. Bernado ametangulia, Baba ametangulia. Mahori nayo yamekwisha, watu wanatengenezea rubisi kwenye majaba ya plastiki, na jaba hata nyuki analiona takataka.

Mwaka jana nilivuka kwenda kumzika Dada Kemilembe. Niliketi uani kwake, moyo mzito, nikiwa nimebaki peke yangu kati ya waliojua. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa anashughulika na jaba la rubisi ya matanga. Alipomaliza kumimina, akatoa soksi mpya nyeupe ya mtoto, akaifunga kwa uzi na kuishusha ndani ya pombe.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Shikamoo, Bibi," akasema kwa adabu. "Ndiyo mila yetu. Marehemu Bibi Kemilembe alituambia tusiiache, ni dawa ya nyumba, imetoka kwenu."

Nililia msibani pale hadi wakaniletea maji. Walidhani ni majonzi tu.