Mguu wa Mbali wa Shemeji

Ilianza Jumamosi, saa kumi jioni, hapa kwetu Suna. Mimi hata darasani huona haya kujibu, lakini kaka yangu Ouma aliidhihaki mieleka yangu mpaka nikachemka. Mieleka nilijifunza kwa ndama wetu: unapitisha mkono chini ya tumbo, unavuta mguu wa mbali, ndama anaanguka kwa uzito wake mwenyewe.

“Huko ni kuchunga, si mieleka,” Ouma akasema. “Watu hushikana kiuno, mtoto wewe!”

“Aliye chini ndiye aliyeshindwa.”

“Basi niangushe. Hata ukinivizia, sawa tu!”

Siku hiyo mchumba wa dada Atieno, karani wa Homa Bay, alikuwa amekuja kujitambulisha kwa wazazi. Mvua ilinyesha. Nikiwa nyuma ya ghala la mahindi, nikaona koti kuukuu la jeshi la Ouma likitoka chooni, kola imeinuliwa mpaka masikioni. Nikajitupa, nikavuta mguu wa mbali. Puu! Matopeni.

“Sasa hiyo si mieleka?” nikapiga kelele.

Ndipo nikamwona Ouma mlangoni, bila koti. Alikuwa amemwazima mgeni koti lake asilowe.

“Umenivunjia ndoa!” dada akalia.

Shemeji akapangusa matope usoni. “Nimekuwa bingwa wa mieleka kijijini kwetu,” akasema, “lakini hii sijawahi kuiona. Nifundishe.”

Asubuhi, kabla hajarudi Homa Bay, nilimwonyesha polepole, mama akitazama. Ouma ndiye aliyekuwa ndama.