Kichwa cha Treni cha Mzee Mazengo

Harithi Shaibu alikuwa fundi redio, na mimi ndiye niliyempa baraza la duka langu pale Majengo. Sikumpa kwa huruma. Mtu akileta redio kutengenezwa hukaa akasubiri, na anayesubiri hununua betri, tochi, kanda. Mimi nilianza na karai la nyanya, najua faida ya mtu aliyesimama mahali.

Babu zake walikuja na misafara, wakabaki mjini na biashara ya nguo. Yeye akapenda nyaya. Kazi alifundishwa na Mhindi mmoja mwenye duka la redio, kabla Mhindi huyo hajahamia ng'ambo. Mkono wake ulikuwa mzuri. Kilichomwangusha ni wakati. Biashara zilipofunguliwa, redio za Dubai zikaanza kushushwa kwa maboksi, na mimi nikiwa miongoni mwa washushaji. Kununua mpya kukawa nafuu kuliko kutengeneza ya zamani. Harithi anafukuza nzi barazani, mimi nyuma yake nauza kile kilichomuulia kazi.

"Bi Sikudhani," ananiuliza, "hizo zikiharibika si zitakuja kwangu?"

"Zikiharibika watanunua nyingine, fundi."

Anacheka. Hakuwa mtu wa kununa.

Basi mwaka ule maji ya bwawa la Mtera yalipopungua na umeme ukawa wa mgao, akaja mama mmoja na boksi kichwani. Ni Yudith, mke wa Mzee Mazengo. Mzee huyo aliendesha treni za reli ya kati karibu maisha yake yote. Akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, na haukupita muda akapooza upande wa kulia. Maneno nayo yakampotea, asiweze kusema hata jina la mkewe.

Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa cha treni, kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja, kimetengenezwa kwa chuma, kina taa mbele na reli zake za kuunganisha. Mkufunzi mmoja Mzungu alimwachia alipokuwa anarudi kwao.

"Anataka kukiendesha," Yudith alisema. "Siku hizi hanionyeshi kitu kingine kwa mkono, ni hiki tu. Lakini ukigusa kitufe kinaruka kama panzi, kinaanguka. Mzee analia, mwanangu. Mtu mzima vile."

Harithi alikuwa ameshakifungua. "Kitaondoka polepole mama, kama treni yenyewe. Na honi nitakitia."

"Subirini," nikaingilia. "Fundi hali hewa. Utaleta nini?"

"Karanga za Hombolo. Gunia."

"Limejaa mpaka mdomoni, au lile la kukunjwa juu?"

Yudith akanitazama. "Wewe mwanamke hukunyonya. Maziwa ya mama yako uliyanunua." Lakini akakubali lijae.

Harithi alifufuka. Akanieleza, nami nikaelewa nilichoelewa: ukipunguza umeme tu, mota inakosa nguvu, inakwama, ukizidisha, inaruka. Dawa yake ni kuipa umeme wote lakini kwa kuukatakata haraka haraka, mota inaenda taratibu na nguvu yake imebaki. Transista akazing'oa kwenye redio zilizokufa. Mgao haukutusumbua, maana kidude chenyewe kilitumia betri ya gari, nayo nilimwazima ya dukani. Kwa ajili ya sauti nilimpa simu mbovu ya ofisini, zile zinazojibu zenyewe, iliyokuja kwenye mzigo wa mitumba; ndani yake mna chipu ya kurekodi. Akaenda stesheni na redio kaseti yangu kusubiri treni ya Kigoma. Aliporudi alikuwa na milio miwili.

"Hii ya kuondoka imezibwa na wauza mayai," alisema. "Lakini ilipokuwa inaingia, mbuzi walikuwa relini. Dereva akapiga hivi, pa-pa-pa-pa! Safi, haina kelele nyingine. Natia hii."

Dukani kichwa kilifanya kazi mpaka wapita njia wakajaa. Ukizungusha kitufe kidogo, honi inalia, kichwa kinajivuta taratibu kama kimebeba mabehewa.

Tukakipeleka kwa Mzee. Yudith alikuwa amemnyoa na kumvisha kofia ya kazi. Mzee akashika kitufe kwa mkono wa kushoto, akazungusha. Pa-pa-pa-pa! Papo hapo akarudisha kitufe mwisho. Kichwa kikasimama. Akajaribu tena, honi ikalia, akarudisha. Jasho likamtoka, macho ameyatoa mbele ya reli, mdomo unahangaika na hakuna kinachotoka.

"Mkono unamruka," Harithi alininong'oneza. "Ni ule ugonjwa. Nitamsaidia."

Akakirudisha barazani, akatia kitu cha kushikilia mwendo: hata mkono ukirudisha kitufe ghafla, kichwa kiendelee mbele, kipungue kwa hatua. Nilimsifu. Mimi ningefanya vilevile.

Siku ya pili yake Mzee akazungusha. Honi ikalia, akarudisha kitufe, na kichwa hakikusimama. Akarudisha tena, akakisukuma mpaka kikakatika. Kichwa kinakwenda. Akatoa sauti, si neno, akajitupa juu ya meza na kukibana kichwa kwa kiganja chote. Sisi tunamwambia, "Mzee, achia, achia," yeye anabana. Mpaka tunakumbuka waya wa betri, moshi ulikuwa unatoka kati ya vidole.

Mota ilikuwa imeungua, na nyaya zake nyembamba kama nywele. Harithi alijaribu kuzisuka upya, akashindwa. Akafunga mota ya kaseti, haikuweza hata kujivuta yenyewe. Niliagiza Kariakoo, nikaagiza kwa wanaokwenda Dubai. Wakanicheka, eti, "Siku, siku hizi unachezea treni?"

Ndipo akaja kumjulia hali mgonjwa Henry Wambura, gadi mstaafu, yule wa behewa la nyuma mwenye breki, aliyefanya safari nyingi na Mazengo. Harithi alikuwa pale anajaribu nyaya, honi ikalia. Henry akaruka kwenye kiti.

"Nani amekwambia upige hiyo? Hiyo ni hatari! Dereva anaomba breki, kuna kitu njiani!"

Basi mkono haukuwa unamruka. Yudith alikaa chini, sakafuni.

Henry aliongea na dereva mmoja, Harithi akaenda na kaseti mbele kabisa ya treni, mbali na wauza mayai. Akarekodi honi ya kuondoka, mlio mmoja mrefu. Akaitia, na kitufe kilichokatika akakibadilisha. Mota hatukuwa nayo. Mzee akavaa kofia. Honi ikalia sawasawa, naye akazungusha kitufe kidogo kidogo, vizuri kabisa. Kichwa kimesimama. Akazungusha zaidi. Akatutazama mmoja mmoja.

Harithi akashindwa kuvumilia. Akanyoosha kidole, akaanza kukisukuma kichwa kwa nyuma, taratibu, kwa mwendo uleule alioutengeneza.

Mzee akagonga meza kwa mkono wake mzima: ko-ko-ko-ko.

"Toa mkono relini, fundi," Henry alisema. "Anasema kuna mtu njiani."

Harithi akautoa. Mzee akarudisha kitufe mwisho, akaendelea kuitazama reli. Nami nikachomoa nyaya, nikabeba betri yangu, maana dukani kulikuwa na mteja anaingoja. Karanga sikuzidai. Harithi alibaki amekaa pale, mikono juu ya mapaja, hana pa kuipeleka.