Mvinyo kwa Shangazi

Alhamisi saa saba mchana, katika mgahawa wa hoteli moja hapa mtaa wa Mankhool, Uarabuni, binti mhudumu kutoka Mombasa alimwinamia shangazi yangu, aliyevaa buibui.

"Shikamoo, mama. Mvinyo mwekundu au mweupe?"

"Marahaba. Wewe si Mwislamu?"

"Ni Mwislamu, mama," akanong'ona. "Lakini meneja yule pale anatutazama. Nisipounadi kila meza, khalas, kazi sina."

"Basi wanishauri upi?"

"Ukatae, mama, ila kwa sauti."

Shangazi akapaza sauti kwa Kiarabu: "Sitaki! Ingawa umeusifu mpaka nimemeza mate!"

Meneja akatabasamu. Mimi nikawaza: Mgeni ana ruhusa ya kukataa mvinyo, mhudumu hana ya kukataa kuunadi. Kesho yake asubuhi nilimpigia meneja simu, nikawaombea wahudumu wote ruhusa hiyo, bila kumtaja binti yule.