Bosi Aliyetaka Kuwa Baba

Nilirudi ofisini Kibaha kutoka kwenye semina ya saikolojia nikijiona daktari wa nafsi. Tulifundishwa kwamba mfanyakazi humwona bosi kama mzazi wake bila kujijua, na hasira za utotoni huzimalizia kwake. Nikamwita mhasibu wetu, mwanamama aliyenipinga kila kikao.

“Dada, baba yako alikuwa mkali?” nilimuuliza kwa upole wa kujilazimisha.

“Baba yangu yupo Kisarawe, mpole mpaka basi. Nakupinga kwa sababu vikao vyako ni virefu, bosi.”

Nilinuna kutwa nzima, hata chai ikapoa mezani.

Kikao kilichofuata nilikifupisha. Akaniambia, “Leo umefanya vizuri.” Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mama yake.