Tandiko la Bwana Gaston

Mushagalusa alichunga farasi wa Bwana Gaston kule Muhumba, mtaa wa wazungu, miaka saba, na miaka ile yote hakukaa kwenye tandiko hata mara moja. Tandiko lilikuwa la Bwana. Asubuhi alimzungusha farasi akiwa amemkalia juu ya gunia tupu, halafu alimfunga tandiko, akarudi chini kushika kamba. Juu ya gunia hakuna pa kujishikia. Ndivyo alivyojua kukaa.

Farasi alikuwa na ugonjwa mmoja: woga. Wanawake wa kijiji cha Nyantende walipopanda mlima na mizigo, kichwa chini, kamba kwenye paji la uso, kikapu mgongoni, farasi hakutambua kwamba ni watu. Aliruka kando. Bwana alishaanguka mara mbili.

"Sikukuu ya mwezi wa saba nitapita mbele ya wakubwa," Bwana akasema. "Huyu nyama akitulia, wewe na bibi yako mutahamia ile nyumba ya matofali nyuma ya zizi. Akinitupa, utarudi kwenu kulima."

Nyumba ile ilikuwa na bomba la moshi. Kule mtaani kwao Kadutu, Mushagalusa na mke wake Cibalonza walipikia ndani ya chumba walicholala, na Cibalonza alikohoa mpaka damu. Masista wa dispensari walisema huyu mama atoke kwenye moshi. Aende wapi, hawakusema.

Basi kila asubuhi, kabla Bwana hajaamka, Cibalonza alibeba kikapu, akapita mbele ya farasi, kwenda na kurudi.

"Inama zaidi, Mama Eulalie," Mushagalusa alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nikiinama zaidi nitakuwa mbuzi. Umupandishe Bwana wako juu yangu, tumalize."

Kwanza kikapu kitupu, halafu majani, halafu kuni. Majuma matatu. Mwishowe farasi alitia pua kikapuni akala majani ya viazi, na Cibalonza akacheka hadi kikohozi kikamkamata.

Mushagalusa alimwendea Bwana. "Bwana, akishtuka usivute kamba. Ukae muzito, uteremshe visigino, uangalie mbali."

"Tangu lini boi anamufundisha bwana wake kupanda?"

Sikukuu ikafika. Polisi walikuwa wamewafukuza wanawake wa mizigo barabarani. Farasi alienda vizuri, hatua kwa hatua, Mushagalusa akimfuata pembeni kwa miguu. Ndipo Madame Monique, mke wa Bwana mwenyewe, akasimama kumsalimu mume wake, akafungua mwavuli mweupe. Pwaa!

Farasi akainuka. Bwana akavuta kamba kwa mikono miwili, kana kwamba alichokatazwa ndicho alichoagizwa. Akalala kwenye vumbi. Farasi akageukia watoto wa shule waliopangwa na vibendera.

Mushagalusa alirukia manyoya ya shingo. Alipojiona, alikuwa juu ya tandiko. Farasi alikata kushoto, akakata kulia, akazunguka. Yeye alikaa muzito, visigino chini, mikono laini, akimwongelesha kwa Kishi, lugha ya kwao. Watu wa Kadutu, nyuma ya kamba za polisi, walipiga kelele.

"Kaa, Mushagalusa! Kaa, papa!"

Akakaa. Akamrudisha farasi kwa mwendo wa pole mpaka mbele ya Bwana. Watu wakapiga makofi. Hata wazungu wengine walicheka, lakini walimtazama Bwana.

"Shuka kwenye tandiko yangu," Bwana akasema, bila kupaza sauti.

Kesho yake Mushagalusa alifukuzwa.

Alipoingia nyumbani kusema habari, Cibalonza alikuwa anapuliza moto.

"Watoto hawakuumia?"

"Hapana."

"Farasi?"

"Mzima."

Akapuliza tena. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Ungeanguka, Papa Eulalie. Hata kidogo tu. Pale pembeni ya Bwana wako."

"Watoto walikuwa mbele."

 Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, Cibalonza alikufa mle ndani ya moshi.

Mushagalusa alikuwa amemwambia mke wake kweli: alipanda kwa sababu ya watoto. Lakini watoto walishatawanyika upesi, na farasi alikuwa bado anaruka. Nafasi ya kuanguka ilikuwapo. Kule juu, watu wakiita jina lake, miguu yake ndani ya vikuku vya tandiko kwa mara ya kwanza, nyumba ya matofali haikumjia akilini hata kidogo. Wala Cibalonza.

Hilo hakumwambia.