Mama Matone na Printa Iliyogoma Kuandika Majina

“Usinizungushe! Printa imelala kwako siku sita, imerudi kwangu bubu!”

“Bubu imekuwa huko huko kwako, mwenzangu. Kwangu ilikuwa inachapa mpaka inaimba!”

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi, na baraza la Mama Matone limeshajaa watu. Majirani wawili wanapanda ngazi huku kila mmoja ameng’ang’ania upande wake wa printa, maana hakuna aliye tayari kumwachia mwenzake. Nyuma yao wamefuata wengine ambao hawana printa wala shida yoyote. Wamekuja kusikiliza tu, na mama mmoja amebeba ufagio ili aonekane ana kazi.

Anayelalamika ni mwalimu wa chekechea. Anayemjibu ni mshonaji wa nguo za kike. Nyumba zao zimegusana ukuta, na hiyo printa ya wino waliinunua kwa kuchanga nusu kwa nusu: mwalimu achapie kazi za watoto, mshonaji achapie picha za mitindo ya wateja wake. Miaka miwili imehama nyumba hadi nyumba kwa amani. Leo wenyewe hawatazamani usoni.

Na leo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Saa tisa alasiri watoto thelathini na wanne wanaagwa chekechea, wazazi wameshaalikwa, viti vimeshapangwa. Vyeti vinatoka na picha ya mtoto, maridadi, mashavu na kila kitu. Mahali pa jina panabaki peupe. Duka la steshenari la pale kona lina mashine ya rangi nyeusi tu, na mwalimu aliwaahidi wazazi vyeti vya rangi.

“Watoto wana sura, hawana majina!” analia mwalimu. “Nitamwita nani mbele ya wazazi? Njoo wewe mwenye masikio makubwa?”

“Iwekeni mezani,” anasema Mama Matone. “Wote wawili, kwa pamoja. Mkiiangusha itabidi niwafungue na ninyi.”

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, fundi wa printa, alipewa jina hilo na wateja wake. Mafundi wengine wakiona printa imeziba huisukumia maji kwa nguvu. Yeye huchukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaidondoshea maji yaliyosafishwa, tone baada ya tone, na kuongea nayo kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

Kabla ya kugusa chochote, huuliza.

“Mara ya mwisho ilichapa vizuri lini?”

“Jumanne,” wanajibu pamoja, kisha wanakasirika kwamba wamejibu pamoja.

“Nani aliongeza wino?”

Hapo kila mtu anatazama kwingine.

Mama Matone anakunja karatasi laini nyeupe, anailowesha kidogo, anailaza chini ya kichwa cha kuchapia, anasubiri. Akiivuta, rangi tatu zimeacha mistari yake: bluu ya anga, waridi na njano. Ndiyo maana picha zinatoka, kwa kuwa mashine inazichora kwa rangi hizo tatu, lakini maandishi hutegemea nyeusi. Upande wa nyeusi pana doa zito, na doa linapotambaa kwenye unyevu, pembeni yake panajitokeza zambarau. Mama Matone anachovya kidole, anakisugua kwa kidole gumba. Kinateleza.

Anakaa chini na kucheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

“Hivi mnajua mimi nilifukuzwa kazi kwa nini?”

Mtaa huu unajua mambo mengi, lakini hilo haulijui. Hata mwenye ufagio anasogea.

Miaka kumi na moja iliyopita, anasimulia, alikuwa akifagia na kupika chai katika ofisi moja. Siku moja karani alimwambia akaongeze wino kwenye printa ya bosi. Akakuta chupa kwenye rafu, akamimina.

“Kumbe wino wa muhuri! Chupani ni mweusi tii, ukiumwaga ni zambarau. Ule ni mzito, unaganda mle ndani kama ugoro puani. Basi asubuhi nilimwaga wino, jioni nikamwaga unga.”

Baraza zima linaangua kicheko.

“Bosi akaniambia, ‘Ondoka, na maiti yako uichukue.’ Nikaichukua kweli! Niliibeba kichwani mpaka nyumbani.”

Miezi mitatu alikaa nayo chumbani. Aliwahi kuimiminia maji ya moto, plastiki ikapinda. Mafundi aliowauliza walimwambia akapike. Akaanza kuidondoshea maji tone kwa tone, na mwezi wa nne ukianza, mashine ikachapa.

“Kitu cha kwanza nilichochapa ni barua ya kuomba kazi,” anasema. “Herufi zilikuwa nzuri hivyo, nikaona nimpelekee nani? Sikuipeleka popote, kazi nilikuwa nimeshaipata.”

Akisimulia hayo hamtazami mtu. Anafuta vidole vyake, kimoja kimoja.

Mwalimu anakaa taratibu kwenye ngazi.

“Chupa ilikuwa kwenye droo ya muhuri wa shule,” anasema. “Jumatano niliona nyeusi imepungua, nikasema jamani, wino si wino? Ikachapa kidogo, rangi kama ya bilinganya, halafu ikagoma.”

“Siku tatu umenitangaza mtaa mzima!” anaruka mshonaji.

“Nimekutangaza.”

“Mpaka kwa muuza mkaa!”

“Mpaka kwa muuza mkaa,” anakubali mwalimu.

“Mtagombana ikiwa imelowekwa,” anawakatiza Mama Matone. “Sasa hivi nataka mkono usiotetemeka.”

Mkono huo ni wa mshonaji. Mtu aliyetunga uzi kwenye tundu la sindano maisha yake yote hashindwi kuchomeka mrija mwembamba kwenye kitundu cha wino. Wanafyonza wino mbaya wote kutoka kwenye tangi, wanasuuza mirija mpaka maji yanatoka meupe, kisha kichwa kinalowekwa saa nzima.

Wakati wa kusubiri, Mama Matone anamnong’oneza mshonaji kwamba alikiona kidole gumba cha mwalimu, zambarau tupu, tangu anapanda ngazi. “Ningemtaja mimi, angekana. Na akishakana mbele za watu, hawezi tena kurudi nyuma.”

Wiki nzuri humletea printa tisa, na katika kila kumi, saba hurudi kwao zikiwa nzima. Baraza hili limelipa kodi ya nyumba na kumfikisha bintiye chuoni. Ile ofisi ya zamani? Ina printa nne, na zote hutibiwa hapa. Bosi mpya humwita “mtaalamu”.

Saa tano na nusu anamimina wino sahihi. Ukurasa wa kwanza wa majaribio unatoka na mistari iliyokatikakatika. Wa pili una pengo moja. Anadondosha tena, anasubiri tena. Wa tatu unatoka umekamilika, na baraza linapiga makofi kama kwenye harusi.

Kisha cheti cha kwanza kinasukumwa nje polepole: mashavu, macho, na chini yake jina, jeusi, herufi kwa herufi. Mwalimu analisoma kwa sauti. Analisoma na la pili. Kufikia la thelathini na nne, watu wote wanaitikia, “Yupo!”

Mama Matone sasa anatafuta chumba chenye mlango, awafundishe wafagizi na wapika chai wa maofisini. “Mashine ikifa, wa kwanza kutazamwa ni mwenye ufagio,” anasema. “Nataka awe wa kwanza kuitwa kuiponya.”

“Niandike mimi basi,” anasema yule mama wa ufagio. Safari hii ameuegemeza ukutani.

Saa saba. Mshonaji ametangulia kwake, na harufu ya vitunguu imeshavuka ukuta. Anamwita Mama Matone mezani. Mwalimu amesimama nje ya mlango na vyeti vyake kifuani, hajui apite au arudi.

“Na wewe umesimama hapo unasubiri kadi ya mwaliko?” sauti ya mshonaji inatoka ndani. “Vyeti viweke juu ya cherehani, mbali na mchuzi. Njoo unawe hicho kidole, tule.”